Waya za Chebet

Bondeni, Jumanne, 1957

Fizi za binti yangu zimevimba tena. Daktari wa meno amesema wazi: zikiendelea hivi atatoa waya alizomfunga kunyoosha meno, nayo yatarudi kupandana.

Tunasugua, tunasukutua kwa chumvi. Bado mkaa wa mursik, maziwa yetu ya mgando yanayotiwa mkaa, unakwama chini ya waya, na Chebet hataki kuacha maziwa ya nyanya yake.

"Sisi kwa mila tuling'oa meno mawili ya chini, mambo yakaisha," mama yangu alinifokea. "Wewe unamfunga mtoto kama ndama!"

Nimeandikia gazeti habari za maiti bila kugeuza uso. Leo niligeuza uso nikimsugua kwa mswaki. Damu ilidondoka kwenye karai.

"Baba, mwambie daktari azitoe tu."

Nilisuuza mswaki. Alifumba macho, akafungua mdomo, nimalizie upande wa pili.