Kidonda cha Shangazi Ziada

Mtanda, Lindi
4 Machi 2024

Shangazi Ziada, shikamoo. Sisi huku wazima, hofu yetu ni huo mguu wako wa sukari. Nakuandikia maana mtandao wa huko kisiwani unakatakata, na jambo lenyewe si la kupayuka kwenye simu. Katika utafiti wetu, nani apate dawa mpya ya vidonda na nani ya zamani huamuliwa kwa kura. Kura yako iliangukia ya zamani. Nikashindwa, shangazi, wewe ndiye uliyenilea. Nimekupa mpya, iliyokuwa ya Mzee Klementi wa Miteja, yeye nikampa yako. Paka kila siku, na unyamaze. Kuja Lindi hutaweza, kwa hiyo niandikie kidonda kinaendeleaje, nami nitajaza fomu yako.

Mwanao, Abilahi

Songo Mnara
20 Aprili 2024

Marahaba baba, marahaba. Huku hatujambo, alhamdulillahi. Kidonda? Weee, kinakauka! Juzi nimekwenda harusini kwa miguu yangu, nikawashinda mabinti kwa vigelegele. Huyo mzee mwombee dua, basi. Usijitie simanzi.

Shangazi yako

Mtanda
9 Mei 2024

Shikamoo shangazi. Habari zako zilinifurahisha, nikajaza "nafuu kubwa". Lakini daktari wetu hafurahii kuona wagonjwa wangu wote wana nafuu. Ati mgonjwa akiulizwa na aliyempa dawa hujibu kwa adabu, tena mimi najua nani anapaka nini, lazima nitapendelea. Nilikasirika. Sasa anamtuma muuguzi Flora, asiyejua nani kapewa ipi, aje apime vidonda kwa rula. La kura usimwambie. Mzee Klementi kaja jana bila fimbo, kanishika mkono ananishukuru. Nilitamani ardhi inimeze.

Mwanao, Abilahi

Kilwa, wodini
3 Juni 2024

Marahaba mwanangu. Mimi mzima, nimepungua kidogo tu: mguu wameukata chini ya goti.

Flora alipofungua kitambaa alitoka nje kwanza. Ulitaka nikuandikie nini? Umeninyang'anyia mtu dawa kwa mapenzi, nikujibu kinanuka? Ile harusi niliisikia nikiwa kitandani. Lakini Flora sikumwambia kitu, na wanawake wa kisiwani nimewaambia dawa yako nzuri, ni mimi niliyezembea kupaka. Kazi yako isiharibike kwa mguu wa kizee.

Shangazi yako

Mtanda
8 Juni 2024

Shikamoo shangazi yangu. Barua yako imeniliza mbele za watu. Usinitetee tena, nakuomba kwa jina la Mungu. Waambie hao wanawake ukweli, wasije wakapaka wakakaa kimya kama wewe.

Leo nimemweleza daktari yote. Nafuu zote nilizojaza haziaminiki tena, nami nimesimamishwa kazi. Nikamuuliza kama wewe ungepaka ile ya kura yako, mguu ungepona. Akasema kwa mtu mmoja hatuwezi kujua, na kwa wagonjwa wangu wengine pia hatutajua, maana nimevuruga. Bora angenitukana.

Kesho nakuja, kisha nitakwenda Miteja kumwomba radhi Mzee Klementi. Nikifika hapo kitandani nikakuuliza kama unaumwa, shangazi, niambie unaumwa.

Mwanao, Abilahi