Nilimkasirikia Mtani

Jumatano, 9 Julai

Chai kwa Bi Zuhura kama kawaida. Baridi ya kukata masikio. Vitumbua vinne. Leo amenitukana vizuri. Kasema ubunge wa Songea ukipewa mla panya, Bungeni itabidi wafuge paka. Nikamjibu mateka wa babu yangu hana sauti kwenye uchaguzi, arudi kwao Tunduru. Wateja wote wamecheka. Mimi Mngoni, yeye Myao wa Namasakata. Utani wetu una miaka thelathini, tangu nilipohamia Ruhuwiko nikiwa mwalimu kijana, yeye akiwa ndiyo kwanza ananunua karai.

Mchana kata mbili. Chama kimetupakia watia nia wote watano kwenye gari moja, twende pamoja tukajinadi kwa wajumbe. Tunachukiana kwa adabu sana humo ndani. Dakika tano kila mtu. Nimeongea vizuri. Wajumbe wametupigia makofi sawasawa wote, kwa hiyo sijui chochote.

Ijumaa, 11 Julai

Nimechoka. Lizaboni, Bombambili, kisha kikao kingine.

Nilisema nachukua fomu kwa ajili ya maji na barabara. Si uongo. Lakini tangu nistaafu ualimu mkuu hakuna mtu anayesimama nikiingia mahali, na hilo limeniuma kuliko nilivyokubali. Leo asubuhi nimejipungia mkono kwenye kioo. Alfonsia kanikuta. Mke mwema, kajifanya anatafuta kitana.

Jumatatu, 14 Julai

Niandike tu.

Tumemzika Mzee Yustin, jirani wa nyumba ya tatu. Watu wengi. Wajumbe wa kata yetu karibu wote walikuwepo, ndiyo maana niliwahi kufika na nikakaa mbele. Hilo nalo niliseme.

Watani wakafika, Bi Zuhura mbele yao. Kavaa koti la mwanamume, tai ya kanga shingoni, mwiko mkononi ndiyo kipaza sauti. Akasimama kando ya jeneza akaanza kujinadi. Sauti yangu kabisa. Hata kile kikohozi changu kabla ya kusema "ndugu zangu".

"Ndugu zangu, marehemu! Mimi Mwalimu Kanisius naomba kura yako. Kufa kusiwe kisingizio! Nikipita, kaburi lako nitalivutia maji ya bomba!"

Mjane alicheka. Mjane, ambaye tangu juzi alikuwa hajafungua mdomo hata kunywa uji. Hiyo ndiyo kazi ya mtani msibani, kila mtu anajua, mimi nimewafundisha watoto wa watu darasani.

Lakini mimi sikumtazama mjane. Niliwatazama wajumbe. Walikuwa wanacheka, mmoja mpaka anafuta machozi, nikaona kura zinaondoka moja moja.

Nikasimama. "Mama, kuwa na adabu. Nani amekutuma?"

Alidhani nami nimeingia kwenye mchezo. Akakohoa kikohozi changu tena, akaninyooshea mwiko nijibu.

Nikamwambia, "Rudi kwenu Tunduru."

Maneno hayo nimemwambia mara elfu. Leo niliyamaanisha, na kila mtu alisikia kwamba nimeyamaanisha. Mwiko ukashuka. Alivua ile tai, akaikunja, akaenda kukaa na wanawake. Padri alipofika akakuta kimya, akadhani ni majonzi.

Jumanne, 15 Julai

Sikuishia hapo. Mtu mwenye akili angeishia hapo.

Nimeamka na hasira bado, nikajiambia ametumwa na wapinzani wangu. Nikaandika barua kwa mtendaji wa kata: kudhalilishwa hadharani, kuvuruga shughuli ya mazishi. Mwandiko mzuri, aya tatu. Mtendaji ni mwanafunzi wangu wa zamani. Aliisoma mara mbili, akaniuliza, "Mwalimu, huyu si mtani wako?" Nikamwambia afanye kazi yake.

Akamwita. Bi Zuhura kakaa kwenye benchi la ofisi tangu saa nne hadi saa kumi jioni, na unga wake wa vitumbua kaumwaga, ulikuwa umechacha. Wamemsainisha karatasi ya kuomba radhi. Nimeletewa nakala. Ameandika jina lake kwa herufi kubwa zilizoachana, za mtu aliyejifunza kuandika ukubwani.

Jumatano, 16 Julai

Sijaenda kunywa chai.

Alfonsia kaniambia bila kuinua macho kwenye mchele: "Mtani hakasirikiwi, baba Neema. Hata mtoto anajua." Nikasema siasa si utani. Akaendelea kuchambua mchele.

Alhamisi, 24 Julai

Habari zimenitangulia kila kata. Leo, kabla sijafungua mdomo, mjumbe mmoja mzee sana kainua mkono. Nikamwamkia shikamoo. Marahaba, kasema, halafu: "Mwanangu, ni kweli ulimpeleka mtani serikalini?"

Ningeweza kusema ukweli. Nikasema suala hilo lina pande mbili.

Hakuna aliyecheka. Wenzangu wanne garini wamekuwa wapole kwangu kupita kiasi, hata kiti cha mbele wamenipisha. Wameshajua mimi si mtu wa kuogopwa tena.

Jumamosi, 26 Julai

Kura zimepigwa. Nimekuwa wa tano kati ya watano.

Nilitegemea kuumia. Nimesikia matokeo, nimempa mshindi mkono, nimerudi nyumbani kwa miguu. Njia nzima nilikuwa nafikiria unga uliomwagwa.

Jumatano, 30 Julai

Mila iko wazi. Ukimkasirikia mtani, unatozwa. Maneno matupu hayatoshi. Unapeleka kuku, na mtani anakunyang'anya, anakutukana wewe na ukoo wako, anamchinja, mnamla pamoja. Yanaisha.

Nimepeleka jogoo mwekundu, mkubwa. Nimempeleka mwenyewe, kwapani, nipite mbele za watu wanione. Njiani nilikuwa nimejiandaa kwa lolote: anifukuze, anipake masizi, anivike karai kichwani. Niliomba Mungu anipake masizi.

Alitoka, akafuta mikono. Akampokea jogoo kwa mikono miwili. "Ahsante sana, Mwalimu. Mwenyezi Mungu akuzidishie."

Nikamwambia, "Mateka wa babu yangu, mbona unashukuru kama mgeni?"

"Mimi sina kinyongo, Mwalimu. Nilishakusamehe siku ile ile." Akaniuliza hali ya mama Neema. Akaniuliza hali ya Neema. Halafu akanisindikiza mpaka barabarani. Miaka thelathini hajawahi kunisindikiza hata hatua moja.

Jogoo kamfunga kwenye mti wa uani. Hajamchinja.

Alfonsia kauliza imekuwaje. Nikasema amenisamehe. Akasema, "Pole."

Jumapili, 3 Agosti

Misa ya kwanza. Baada ya misa miguu yenyewe imenipeleka kwa Bi Zuhura.

Nimemsikia kabla sijamwona. Alikuwa anamshughulikia Osmund, dereva wa bodaboda, Mngoni mwenzangu. Anamwambia pikipiki yake inakohoa kwa sababu ya panya aliowaficha kwenye tangi. Osmund anamjibu kwa kelele, wateja wamelaliana kwa kicheko. Nami nilikuwa nimeshaanza kutabasamu, jibu liko mdomoni, zuri, la zamani.

Akaniona. Akanyamaza. Wengine nao wakanyamaza, Osmund akasogea kunipisha.

"Karibu, Mwalimu," kasema. Akaingia ndani, akanitolea kiti cha plastiki, kile cha wageni. Akakifuta kwa upande wa kanga yake, akakiweka peke yake, mbali kidogo na benchi.

Nimekaa. Nimekunywa chai. Ilikuwa nzuri.