Kwaya Iliyoimba Mahali pa Baba

Kitale,
Ijumaa, 16 Juni 2006.

Kwa Baba, Mzee Mukhisa,

Mulembe, Baba. Nakusalimu wewe na Mama, na dada yangu Phelista, na wote walio hapo nyumbani Tongaren. Huo mguu umeacha kukusumbua asubuhi? Mama aliniambia kwamba juzi ulifika sokoni bila fimbo, nami nikafurahi sana. Nadhani mahindi sasa yamefika kiunoni na mmeshaweka mbolea ya pili. Huku kwetu matope ni mengi lakini tuko salama, tunakula na kulala. Mimi si mgonjwa. Nalisema hilo mapema kwa sababu siku hizi mtu mwenye simu akiandika barua, wazazi hudhani amelazwa.

Utashangaa basi kwa nini sikupiga. Nimejaribu, Baba. Jumapili nilikupigia, ukapokea kwa ile sauti yako ya furaha, nikakuuliza habari za ng'ombe, ukanieleza habari za ng'ombe, nikakata. Kuna jambo ambalo siwezi kulisema huku nikikusikia ukipumua upande wa pili.

Kazi yetu unaijua, ingawa huwa unawaeleza watu kwa njia yako. Uliponiuliza mimi na Kinyua tunafanya nini hasa, nilikueleza kwamba tuna kituo kidogo cha televisheni, na kwamba picha zetu hazifiki mbali mpaka zipande kwa setilaiti ndipo ziteremke kwenye madishi ya watu. Na kwa kuwa setilaiti si yetu, tunakodi nafasi kidogo kwa kampuni moja ya Nairobi, muda wa saa moja kila jioni, miezi mitatu ya majaribio. Ulicheka hadi ukakohoa. Ukasema ati kijana wako amekodi shamba mbinguni. Ukataka kujua mwenye shamba ana hatimiliki au ni maneno tu, na kama tukikosa kupanda msimu huu atatuachia msimu ujao. Nikakujibu kwamba hapana, saa ikipita imepita, uwe umeonyesha kitu au umekaa kimya, na utailipia. Ukasema katika Trans-Nzoia yote hujasikia mwenye shamba mkali hivyo. Niliwasimulia wenzangu ofisini, wakacheka wiki nzima.

Ndipo nikakuomba uwe mtu wa kwanza kuonekana siku ya kufungua kituo. Tulipokuja na kamera ulikuwa umenyoa ndevu na kuvaa lile koti lako la harusi, halafu ukavua viatu, ukasema mtu hawezi kuzungumzia udongo akiwa ameukanyaga na viatu. Ulizungumza bila karatasi. Ulieleza namna ya kuchagua mbegu, ukawasalimu watu wa Matulo ulikozaliwa, ukawataja ng'ombe wako kwa majina kama watoto. Mwishoni uliinua jembe ukasema hujawahi kumiliki trekta, una ekari mbili na nusu, na jembe hilo ndilo lililomsomesha Levi, ambaye alianguka mtihani wa darasa la nane akajificha ghalani akikataa kula. Mpiga kamera alicheka hadi machozi yakamtoka. Mimi pia nilicheka.

Ile jioni yenyewe unaikumbuka kuliko mimi. Noah Kimutai, fundi wa madishi, alitoka Saboti na dishi begani, akalifunga juu ya mabati yako bila kutaka hata shilingi, kwa sababu alikuwa karibu kuleta wazee wake kuzungumza nawe habari za Phelista. Mama anasema uani hapakuwa na pa kukanyaga, na Mama Nakhungu alileta mabenchi ya kanisa. Saa moja ya jioni ikafika, na kwenye skrini wakatokea wanawake wenye mavazi ya kijani wakiimba. Mkangoja. Wimbo wa pili, wanawake ni wale wale. Ukanipigia simu. Nikakuambia mmeshika stesheni ya watu wengine, kwamba Noah ameelekeza dishi vibaya, apande alizungushe. Akapanda mbele ya watu wote. Nikawa nasema kushoto, nawe ukimpigia kelele kushoto. Nikisema juu kidogo, nawe juu kidogo. Kwaya ikapotea, skrini ikabaki mchele mtupu bila picha mpaka saa yetu ikaisha.

Yaliyofuata nimeyasikia kwa Mama. Ulimwambia Noah, watu wakisikia, kwamba mtu asiyejua kuelekeza dishi hawezi kuelekeza nyumba, na kwamba asikanyage tena kwako. Wazee wake wakaambiwa wasijisumbue kuja. Sasa Tongaren hakuna anayemwita kufunga dishi, na hata kwao Saboti vijana wamempa jina, wanamwita Kwaya. Phelista hasemi na mtu. Nawe, Baba, Mama ameniambia unakaa sokoni ukiwaeleza watu kwamba Kitale nzima ilikuona, isipokuwa boma lako peke yake.

Juzi Noah alikuja kuniona. Alileta asali ya kwao kwenye mtungi wa plastiki na kuniomba msamaha. Mimi! Akasema amerudia hesabu zake zote na haoni alipokosea, kwa hivyo anaomba nimfundishe. Bana, nikampandisha juu ya paa la ofisi, nikamfundisha. Alilielekeza dishi sawasawa mara ya kwanza, nami nikamwambia kwa uso mkavu kwamba ona, sasa umeelewa. Akanishukuru. Usiku huo alilala kwangu, na asali yake nikaila.

Baba, keti kama umesimama.

Ile kwaya ilikuwa yetu. Dishi la Noah lilikuwa limetazama pale pale lilipopaswa kutazama. Ulichokiona ndicho kila mtu alichokiona, kwa sababu ndicho nilichokiweka mimi.

Jioni hiyo wageni walikuja kutoka ile kampuni ya Nairobi, waone kama sisi ni watu wa kuongezewa muda baada ya majaribio. Kinyua akawaambia kwamba wa kwanza kuonekana ni baba yangu, mkulima mkubwa wa Bungoma, mwenye mashamba na matrekta. Usimlaumu. Hakulitunga yeye. Mimi ndiye niliyemwambia hivyo tukiwa bado chuoni, siku ambayo kila mtu alikuwa akimtaja baba yake, na sikuwahi kulirudisha neno hilo. Kanda yako alikuwa hajaiona. Nikawatazama wale wageni na tai zao, nikaliona jembe lako likija, na miguu yako isiyo na viatu, na mimi ghalani nikilia. Nikaingia chumba cha mitambo, nikaitoa kanda yako, nikaweka ya kwaya. Nilikuonea aibu, Baba. Nimetafuta neno lingine lililo laini zaidi na sikulipata.

Halafu simu yako ikaingia, nikatoka kuipokelea kwenye ukumbi wa nje. Nilijua kwamba kila Noah alipolizungusha lile dishi, picha ilikuwa inakwenda mbali. Ndicho nilichotaka. Baada ya kwaya Kinyua angetokea akitaja Kitale na kituo chetu, na mngejua nimedanganya. Kwa hivyo nilimpotosha kijana wa watu kidogo kidogo, kushoto, juu, kushoto tena, kwa mdomo wako wewe.

Na katikati ya zile kelele ukaniuliza kama mimi huku ninakuona. Nikasema ndiyo, Baba, nakuona, unaongea vizuri sana. Nikakusikia ukimgeukia Mama na kumwambia, "Levi ananiona."

Hilo ndilo linalonikosesha usingizi. Hakuna mtu Kitale aliyekuona, wala Bungoma, wala popote. Ningetamani kukuambia kwamba wiki ijayo nitairusha kanda yako na uchungu huu uishe, lakini siwezi. Kanda zetu ni chache, tunarekodi moja juu ya nyingine. Kesho yake niliitia yako kwenye rundo la kutumiwa tena, kwa mkono wangu, nikijua ni ipi. Sasa ina mpira wa shule za msingi.

Jana nilimweleza Kinyua yote. Nilidhani atapiga kelele. Aliniuliza tu kwa nini nilifikiri angejali trekta.

Siombi unisamehe leo. Ukitaka nikae mbali na boma mpaka uniite, nitakaa. Ninachokuomba ni kimoja: Noah aliaibishwa mbele ya watu, basi waite watu wale wale, Mama Nakhungu na wengine wote, uwasomee barua hii kama ilivyo. Usiruke mahali popote kwa kunihurumia. Na wazee wake uwatumie ujumbe waje, kama bado watakubali kuja.

Kuna jambo la mwisho. Noah hajui lolote kati ya haya. Aliponiomba nikuandikie maneno mawili ya kumtetea, nilikubali, na maneno yenyewe ndiyo haya. Ameibeba barua hii mwenyewe, akiamini nimekuandikia kwamba amejifunza na hatakosea tena. Amekuja kuichukua, yuko mlangoni akingoja niimalize, nami nashindwa kumwambia mwenyewe, kwa hivyo nimekuachia wewe kazi ambayo ilikuwa yangu, na hiyo ni aibu nyingine juu ya ile ya kwanza. Kwa kuwa ulimkataza kukanyaga kwako, nadhani ameishia langoni, na ni Phelista aliyekuletea karatasi hizi. Bado amesimama pale akingoja utasema nini. Mwite aingie, Baba. Mpe kiti, halafu umsomee.

Msalimie Mama, mwambie asilie, mimi nakula vizuri. Phelista akitaka kunitukana, namba yangu anayo, na nitapokea. Mungu akutunze wewe na mguu wako na kila ulicholima kwa mikono yako.

Ni mimi mwanao,
Levi