Asetoni kwenye Kamera ya Baba Kija

Jumamosi, jioni. Mawingu yalijikusanya juu ya Bariadi tangu asubuhi, tukadhani leo ndiyo leo, halafu yakatawanyika bila kutoa hata tone. Watu wameshalima mashamba ya pamba na wanaangalia juu tu. Joto limebana. Macho yangu yamevimba, na safari hii si dawa za saluni.

Leo nimetengeneza kamera. Leo hiyohiyo nimesema ukweli nilioukalia kwa miezi miwili. Naandika sasa hivi, kabla sijaanza kujitetea.

Mume wangu, Baba Kija, ni mwalimu wa fizikia. Hanywi, hafuatilii mpira. Kitu chake ni kamera moja ya zamani ya filamu, nzito kama tofali, aliyoinunua kwa mzee mmoja wa Maswa aliyekuwa anafunga studio. Filamu zenyewe anazituma Dar kusafishwa, na picha zikirudi tunakaa mezani kuzitazama moja moja: watu wakiwa wamebeba marobota ya pamba, ng'ombe kwenye lambo, mimi nimelala mdomo wazi. Ile ya mwisho nilitaka kuichana.

Mwezi wa tisa vumbi lilikuwa linaingia mpaka kwenye sukari. Baba Kija akawa analalamika kwamba akichungulia kwenye kamera anaona madoa. Nikasema nitamfanyia jambo zuri. Siku hiyo alikuwa shuleni. Nilifungua lenzi, nikaona kwa ndani, juu, kipande kidogo cha mraba chenye ukungu, madoa yakiwa juu yake. Nikachukua pamba, nikaichovya kwenye asetoni ninayotumia kuondolea rangi za kucha, nikafuta.

Kwa asiyejua, kama mimi nilivyokuwa sijui: kile kinaitwa kioo cha fokasi, lakini kwenye kamera hii ni plastiki. Picha inatua pale kwanza ili mpigaji aone kama imekaa sawa. Na asetoni inakula plastiki.

Kiligeuka cheupe kama maziwa palepale. Nyuzi za pamba zikanasa juu yake. Nikajaribu kuzitoa, nikaacha na alama ya kidole. Nikarudisha lenzi, nikairudisha kamera kabatini, nikaenda kumsuka mteja aliyekuwa ananisubiri.

Ningesema jioni ile, haya yote yasingekuwepo.

Wakati huo tulikuwa tunaishi na wifi yangu Minza, dada mkubwa wa Baba Kija. Alifiwa na mume mwaka juzi, akaja kwetu kutoka Mwanhuzi na cherehani yake. Alikuwa anashona kwenye kibaraza cha saluni yangu. Wateja walimpenda. Kesho yake Baba Kija alipochungulia kwenye kamera, aliishusha taratibu, akaifuta kwa shati, akachungulia tena. Akauliza nani ameigusa.

"Mimi niliisogeza wakati nafagia," Minza akajibu, mikono bado ina unga.

Alikuwa ameisogeza kweli, ndiyo maana alisema. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na mlango. Baba Kija akamgeukia dada yake, mtu aliyembeba mgongoni akiwa mtoto, akamwambia, "Dada, hii si sufuria." Akaongeza mengine kwa Kisukuma, ambayo mimi niliyekulia Morogoro sikuyapata yote, lakini niliuona uso wa Minza.

Nilinyamaza.

Wiki ile hawakusemeshana zaidi ya salamu. Jumapili baada ya misa Minza alifunga cherehani kwa kamba, akasema anarudi kwa mama, Mwanhuzi. Baba Kija alimsindikiza stendi, akarudi, akaitia kamera kwenye boksi lake na kuisukuma chini ya kitanda. Tangu siku hiyo hajapiga picha.

Nilianza kutafuta kimyakimya. Kwenye kundi moja la wapiga picha za filamu nilimpata fundi wa Dar. Nilimweleza nilichofanya, mtu wa kwanza kumweleza, na alikuwa mgeni kabisa kwangu. Hakunicheka. Alisema kamera yenyewe ni nzima, hata picha zingetoka safi tu, kwa sababu ile plastiki haigusi filamu. Anayeona ukungu ni mpigaji peke yake. Alikuwa na kamera iliyokufa ya aina hiyohiyo. Akachomoa kioo chake, akakifunga kwenye karatasi laini na kukituma kwa basi. Kilifika juzi, na ujumbe wa sauti: "Dada, usikiguse kwa kidole. Na ule upande usiong'aa uangalie chini."

Leo asubuhi Baba Kija alienda shule kusimamia mitihani, mwanetu Kija alikuwa kwa rafiki yake. Nilitandika taulo jeupe mezani. Nikachukua kibano cha kubandikia kope, kile chembamba kuliko vyote. Mikono yangu imezoea kazi ya karibu na jicho la mtu. Nilifungua lenzi, nikasukuma kishikizo kidogo kwa ncha ya kibano, na fremu ikashuka. Kioo kilichoharibika kilitoka kirahisi mno. Nikakiweka mwangani. Alama ya kidole changu ilikuwepo, mistari yote.

Nikaweka kipya, nikapandisha fremu, nikachungulia. Safi! Nikataka kupiga kelele. Halafu nikaelekeza kwenye mnara wa simu kule mbali: hata nilipozungusha namba za lenzi mpaka mwisho, ulibaki umefifia. Nilikuwa nimekiweka juu chini. Nikatoa, nikageuza, nikarudisha. Safari hii namba na mnara vikakubaliana.

Saa nane Baba Kija akarudi. Nikamkabidhi bila kusema kitu. Alichungulia, akazungusha lenzi, akanielekezea mimi. Akakaa hivyo kwa muda mrefu, jicho limefichwa nyuma ya kamera, na nilisikia anacheka.

"Nani kaitengeneza?"

"Mimi."

"Acha utani, Mama Kija."

Nikamwonyesha kibano. Akacheka tena, akaniita fundi, akazunguka sebuleni akilenga kila kitu, pazia, saa ya ukutani, viatu vyake mwenyewe. Nikafikiri: imekwisha. Nimerekebisha nilichoharibu. Nani anahitaji kujua zaidi?

Ndipo alipotoa simu mfukoni.

"Ngoja nimpigie dada," akasema. "Nimwambie yameisha. Nimemsamehe."

Alisema kwa moyo mweupe. Alikuwa tayari anatafuta jina. Na mimi nikaliona hilo neno likisafiri mpaka Mwanhuzi, Minza akilipokea na kusema asante, kwa kosa ambalo si lake. Kunyamaza kwa mwanzo nilishazoea kukubeba. Huku kwa pili nisingekuweza.

"Usimpigie," nikasema. "Ni mimi."

Nilimweleza yote, tangu pamba mpaka asetoni. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliweka kamera mezani, juu ya lile taulo, akakaa.

"Ulikuwa umesimama pale mlangoni," akasema.

"Ndiyo."

"Nikamtukana dada yangu, na wewe umesimama."

Akanisogezea simu yake. "Mpigie wewe."

Simu iliita mara mbili. Nilimsalimia kwa maneno machache ya Kisukuma aliyonifundisha mwenyewe: "Mwadila, wifi." Zamani alikuwa akinirudishia salamu ndefu makusudi, ili nikwame tucheke. Leo alinijibu kwa Kiswahili, kama mtu wa ofisini. "Nzuri. Mvua zimeanza huko?"

Nikasema. Nilisema haraka, nikilia, nikirudia maneno. Upande wa pili nilisikia kuku, na mtu akitwanga. Minza hakunikatiza.

"Umemaliza?" akauliza.

"Nimemaliza, wifi. Nisamehe."

"Mama hapa kila siku ananisema. Anasema nimeharibu kitu cha mwanaye, nikawa na kiburi cha kuondoka bila kuomba radhi. Majirani wanajua. Ukiniomba radhi kwenye simu nasikia mimi peke yangu." Akaongeza: "Njoo useme mbele ya mayu, mama asikie mwenyewe."

Nikauliza kama atarudi Bariadi, kibaraza bado kipo, wateja wanamuulizia. Akasema hilo ni jambo lingine. Akakata.

Baba Kija alikuwa amesikia. Alisema kesho tutaenda wote, na yeye ana la kwake la kusema kwa dada yake. Kisha akatoka nje, yuko mpaka sasa na jirani wanatazama anga. Hakuichukua kamera.

Sasa niandike lile ambalo sikumwambia yeye wala Minza.

Nimekuwa nikijiambia kwamba nilinyamaza kwa woga. Ni kweli, lakini ni nusu. Jioni nyingi Baba Kija na dada yake walikuwa wanakaa jikoni wakiongea Kisukuma, wakicheka mambo ya utotoni, ya ng'ombe fulani na mwalimu fulani, na mimi nikiwa na sahani yangu kama mgeni aliyesahauliwa. Nikiuliza wanacheka nini, Minza alijitahidi kunitafsiria, na kichekesho kilikuwa kinafia njiani. Ugali wake ulisifiwa. Wateja walipita mlangoni kwangu wakamsalimia yeye kwanza. Hakunikosea hata siku moja. Ndilo lililokuwa gumu zaidi.

Siku ile alipopakia cherehani, niliingia chumbani kwake kufagia, nikafungua dirisha, nikakaa kwenye kitanda kitupu.

Nilifurahi.

Si sana, na si kwa muda mrefu. Lakini nilifurahi, na nilijua nafurahia nini.

Basi la Mwanhuzi linaondoka saa moja asubuhi. Nimeshatenga kitenge cha mayu na sabuni. Habari ya asetoni nitaisema, maana sasa ina watu watatu wanaoijua. Kunyamaza kwangu mlangoni nitakusema pia, nimepiga magoti kama inavyotakiwa kwa mkwe.

Ila Minza ana macho ya fundi cherehani, anaona mshono uliopinda kabla hujavaa nguo. Akiniangalia kesho mbele ya mama yake na kuniuliza, "Wifi, kwa nini hasa?", nitamjibu nini?