Kitambaa cha Nahodha Kwenye Mchuzi

Jumatatu, 6 Juni 1977

Amekitumbukiza! Sasa hivi tu. Nimegeuka kuchukua chumvi, Tilde kasimama kwenye kiti, kanyoosha kimkono — chubwi! Kitambaa cha unahodha cha baba yake, ndani ya sufuria ya mchuzi wa nyanya niliyoiweka mezani ipoe. Halafu ananitazama na kucheka kwa vimeno vyake vyote vinne. Utamchapa mtu kama huyo?

Nimekiopoa kwa uma. Kinachuruzika mafuta na majani ya rihani.

Mungu wangu. Kitambaa hiki hakifuliwi! Tangu Februari, tangu timu yetu ya mpira ilipoacha kufungwa, hakijaonja maji. Mji mzima wa Borgo Treponti una masharti yake ya kuzuia mkosi. Kinyozi hanyoi ndevu zake mwenyewe. Padri anaingia uwanjani kwa mlango ule ule, hata ukiwa na foleni. Mimi sharti langu ni dirisha. Dirisha la jikoni kwetu linaona nusu ya uwanja, lakini siku niliyochungulia tulifungwa matatu, na mama mkwe alinivuta kwa mkanda wa aproni kama mbuzi. Toka hapo, mechi zote naketi nimeligeuzia mgongo.

Na Jumapili ndiyo ya mwisho. Sare inatutosha. Tukifungwa, tunashuka daraja. Elvio wangu naye anatundika daluga, baada ya maisha yote kwenye timu moja. Aliingia pale hajaota ndevu.

Nimekifua. Ningefanyaje? Kilikuwa chekundu hadi kwenye mshono.

Jumanne, 7 Juni

Timu imeingia kambini, kule kwa masista mlimani. Wake marufuku hadi Jumapili. Kocha anasema tunawalainisha.

Asubuhi nimemfunga Elvio goti kama kila siku, bandeji juu ya bandeji, kisha suruali pana juu yake. Hili tunalijua sisi wawili tu. Na daktari, aliyemwambia pumzika. Kocha akiuliza, goti ni jipya kabisa! Lakini mimi naona. Tunakaa ghorofa ya tatu, na siku hizi tukifika ngazini ananikabidhi Tilde, anamwambia, "Nenda kwa mama, anakutaka wewe." Tilde hanitaki mimi. Anamnyooshea yeye mikono mpaka juu.

Kitambaa amekiacha kwa makusudi. Februari alikisahau, nikakimbiza basi barabarani na kandambili miguuni, tukashinda. Basi toka siku hiyo kila wiki "anakisahau" na mimi kila wiki nampelekea. Akanikonyeza mlangoni: "Usichelewe, mama Tilde."

Nami nikatabasamu kama mjinga. Kilikuwa kinakauka kwenye kamba, nyuma ya foronya.

Jumatano, 8 Juni

Mama mkwe kanusa. Hakukiona — alikinusa! Kaingia na bakuli la matunda yake ya cheri, kasimama katikati ya jiko.

"Delfina. Mbona hapa pananukia sabuni ya kipande?"

Nikamwonyesha. Mama mkwe wangu Argia hakupiga kelele. Alitoa ufunguo wa chuma mfukoni mwake, akaukamata kwa mikono miwili, maana chuma ndicho kinachozuia mkosi. Kisha akakaa.

"Nani mwingine anajua?"

"Tilde."

"Huyo hasemi bado, ashukuriwe Mungu. Na wewe usiseme. Umpe, ufunge mdomo, urudi."

"Atanusa, mama. Kilikuwa kinanuka kama zizi."

"Basi ukisugue na kitunguu!"

Tumetazamana, tukacheka mpaka tukajishika mbavu. Halafu akaanza kulia, kidogo tu, kwa kona ya aproni. Alikishona yeye mwenyewe, mwaka mwanawe alipopewa unahodha. Tumekula cheri zote. Sikukisugua na kitunguu.

Ijumaa, 10 Juni

Nimeenda kwa baiskeli, Tilde kwenye kiti chake cha mbele, anaimba njia nzima. Mlimani nikashuka nikasukuma. Jua kali, nilikuwa mwekundu kama ule mchuzi.

Sista wa lango akasema wake hawaingii. Nikasema sitaki kuingia, nimeleta kitambaa. Akatazama kushoto na kulia.

"Cha nahodha?"

"Hicho."

"Basi mimi niko kwenye mawaridi, sijaona mtu. Na mwambie yule kipa wao atoke golini mapema kwenye krosi. Tunaomba usiku na mchana, lakini naye asaidie!"

Elvio akashuka. Nilimwona kabla hajaniona. Anashuka ngazi kiubavu, kashika ukuta. Alipotuona akajinyoosha, akatembea kama bwana harusi.

Nikampa. Akakipeleka puani. Nikasema yote haraka haraka: mchuzi, mtoto, uma, sabuni. Nikangoja anikasirikie. Ana haki.

Akakaa kwenye jiwe la lango, akacheka bila sauti, mabega yanatikisika. Kisha hakuwa anacheka tena.

Akasema jana mazoezini Loris alimpita kwa mbio. Loris ni beki kijana, Elvio ndiye aliyemfundisha kila kitu, hata kufunga kamba za viatu zisifunguke kwenye tope. Kupita si neno. Lakini baada ya kumpita, alipunguza mwendo.

"Aliningoja, Delfina. Kwa heshima. Beki akianza kungojwa na mwanafunzi wake, huyo si beki tena, ni mlango wazi."

Akaniambia kwamba tangu hapo anatafuta namna ya kumwambia kocha asimpange. Anaogopa mji. Anaogopa mama yake! Kitambaa kikiwa vile vile, na timu haijafungwa, nani angethubutu kubadilisha kitu? "Sasa binti yangu keshabadilisha," akasema. Akambusu mkononi, mkono uleule uliofanya dhambi.

Akaniuliza, "Wewe unaonaje?"

Watu hawaniulizi mimi mambo ya mpira. Nimeishia darasa la tano, kisha kiwandani kufuma soksi. Nikasema ninachokijua.

"Nataka umpandishe Tilde ghorofa zote tatu. Mwenyewe. Hata akizeeka."

"Akizeeka yeye?"

"Ndiyo."

Akakikunja kitambaa, akakitia mfukoni. Akarudi juu kwa ngazi, safari hii bila kujificha, akishika ukuta.

Jumamosi, 11 Juni

Mji umejua. Loris anaanza, na kitambaa anavaa yeye. Kinyozi kapiga kelele chini ya dirisha: "Delfina! Nahodha anaumwa au kocha amerogwa?" Nikafunga dirisha.

Mama Argia haongei nami. "Mwanangu, benchini. Kama mwavuli." Hilo tu, tangu asubuhi. Jioni akaweka sahani mbele yangu, mikate ya kukaanga, ya moto, na nyama ile ninayoipenda. Nimekula yote.

Jumapili, 12 Juni

Naandika nikiwa nimeligeuzia dirisha mgongo. Tilde yuko sakafuni na kijiko chake. Mama Argia ndiye macho yangu, amesimama dirishani, ufunguo mkononi. Ameanza kuongea nami tena, maana bila mtu wa kumwambia angepasuka.

Mapumziko. Bila kwa bila. Loris anacheza vizuri, anasema, kwa uchungu kidogo.

"Anaruka juu! Huyo mtoto anaruka kama Elvio!" Hapo uchungu haupo tena.

Wametukalia golini kwetu. Kelele zinatikisa vikombe. Bado bila kwa bila.

Kuna aliyeanguka. Beki wetu mwingine, si Loris. Wanamtoa kwa machela. Kisha uwanja mzima jina moja. El-vi-o! El-vi-o! Tilde kaacha kijiko, anatafuta baba yuko wapi.

Asiingie. Dakika ni chache, najua, lakini asiingie. Goti lile nimelifunga mimi, hakuna anayelijua kama mimi.

Mama Argia: "Kasimama. Anavua koti."

"Amefunga bandeji?"

"Juu ya soksi, mwanangu. Waziwazi. Kila mtu anaiona." Sasa mama yake naye ameijua siri.

"Loris anamkimbilia, kakivua kitambaa, anampa!"

Mama Argia anainama zaidi dirishani.

"Kakataa. Elvio kakataa! Anamfunga tena mwenyewe mkononi, anampigapiga shavuni… Wee Delfina, njoo uone!"

"Sitazami, mama. Mkosi!"

Kitu kimegonga sakafu. Ametupa ufunguo. Ananyoosha mkono nyuma bila kugeuka, ananiita. "Mkosi nini? Mlete na mtoto! Ndiyo mara ya mwisho kumwona akicheza, njoo, njoo upesi, mpira unakuja upande wake—"

Naenda. Tilde keshasimama, ameshika mguu wa meza. Elvio akimaliza mechi akiwa wima, mimi nita— basi, mama ananivuta!