Shokapu za Nyuma za Skuta ya Baba Yako

Nyumba ya Gokhale,
Sadashiv Peth,
Pune, India.
19 Novemba 2012

Mpendwa mwanangu Nandan,

Hamjambo huko kwenye theluji? Ketaki mzima? Na mjukuu wangu Sayali, bado anakataa maziwa? Sisi huku tunapumua. Magoti yangu ni yale yale, yakiona baridi huanza kunisema. Baba yako mwilini hajambo. Ya moyoni ndiyo yaliyonishikisha kalamu, maana nikipiga simu hukaa papo hapo akinitazama mdomo.

Zile shokapu mbili ulizotuagizia, za kumpunguzia baba yako mitikisiko ya skuta, zilifika salama, Mungu akuzidishie. Uliniuliza kama zimemfurahisha, nikakujibu sana. Nilikudanganya, mwanangu. Ngoja nikueleze.

Mama yako, wifi yangu Nalini, alipotutoka wakati wa mvua, ile skuta kuukuu ilikuwa tayari imedidimia nyuma, kila shimo la barabara linampiga baba yako kiunoni. Daktari akamkanya, wewe ukamsihi, yeye jibu lake moja tu: skuta haina kitu. Mkaidi huyu kaka yangu, namjua tangu utotoni. Shokapu zako zilipofika nikazitia kikapuni, nikamswaga hadi kwa fundi Tamboli.

Fundi akaipandisha kwenye stendi, akafungua. Ya kulia ilikuwa imechoka tu. Ya kushoto, masikini, imebonyea na kutapika mafuta yote. Akaifuta kwa tambara, akauliza ni nani aliyekuwa akipanda nyuma na sari. Alikwisha kujua. Mama yako maisha yake yote alikaa upande, miguu yote kushoto, akipanda na kushukia kikanyagio cha kushoto, vikapu vya mboga mapajani. Skuta ikapata kilema cha upande wake, na baba yako akazoea kuegemea kulia ili amsawazishe.

Baba yako akaitazama ile shokapu, kisha akamwomba fundi abadilishe ya kulia tu, hiyo ya kushoto aiache.

"Haiwezekani, mzee wangu," fundi akamwambia. "Hizi hubadilishwa mbili mbili. Moja ikifa, mwenzake haachwi peke yake."

Baba yako akacheka, kicheko ambacho sitaki kukisikia tena. "Basi vyuma vina bahati," akasema.

Tamboli wa watu akainamisha kichwa, akawa anakaza nati ambazo zilikwisha kukazwa.

Skuta ikasimama wima kama siku ilipotoka dukani. Baba yako akatangulia nayo, mimi nikafuata kwa riksho. Kwenye kona akaegemea kulia kama kawaida yake, na ule mwinamo wa kushoto wa kumsawazisha haupo tena. Nusura auparamie mkokoteni wa juisi ya miwa. Muuza juisi akamtania, eti mzee leo umeonja nini. Tulipofika nyumbani akazima, akaketi ngazini.

"Vatsala," akaniambia, "Nalini ameshuka."

Nililia, Nandan. Nililia kuliko siku ya msiba wenyewe.

Toka hapo akaifunika turubai. Hatoki, hasemi, chai inamchachia mbele yake. Nikaona huyu naye atatuondokea hivi hivi ameketi. Jana nikavaa sari, nikavuta turubai, nikamwambia anipeleke sokoni, la sivyo nitaiendesha mwenyewe nimwaibishe mtaa mzima. Akaja, ananung'unika.

Nikapanda, miguu kushoto. Akawasha. Haondoki. Nikamwambia twende. Wapi! Skuta inanguruma langoni, yeye katazama mbele, majirani wanachungulia. Nilitaka kumfokea, ndipo nikakumbuka. Mama yako akishakusanya sari yake isinaswe na gurudumu, alikuwa akimgonga baba yako begani mara mbili. Bila hivyo skuta haikuondoka. Kumbe mwenzangu alikuwa akiungojea mkono.

Niliona haya, maana bega lile halikuwa langu kuligonga. Nikagonga. Akatia gia, tukaenda. Tulipofika sokoni ndipo alipofungua mdomo, akinishikia kikapu.

"Mkono wako mzito kama nyundo," akasema. "Wa Nalini ulikuwa mwepesi."

Basi tukanunua biringanya. Usiku alikula, si haba.

Nisalimie Ketaki, na Sayali umbusu mashavu yote mawili. Fundi Tamboli anakusalimu sana. Bwana Ganesha awafungulie njia kila mwelekeapo.

Ila usitutumie kitu kingine, mwanangu. Njoo. Atakupokea stesheni kwa skuta hiyo hiyo, habari za teksi hataki kuzisikia. Ukishapanda nyuma, mgonge bega mara mbili, polepole. Usipomgonga, hamtaondoka hapo.

Wako akupendaye na kukungoja,
Shangazi Vatsala