Kichwa cha Bibi Mdogo

Dada yangu mpendwa,

Naanza kwa kukuomba radhi. Umeniandikia mara mbili, umenipigia simu sijui mara ngapi, nami nimekaa kimya kama mtu aliyehama nchi. Sikuwa mgonjwa, wala karatasi haikuniishia. Kila nilipoketi kukuandikia nilifika mahali pa kukueleza habari za mtoto, na hapo kalamu ikagoma. Wewe ndiye uliyenifunza kuandika barua, na hukupenda kuona nikijaza ukurasa kwa salamu zisizo na ukweli ndani yake.

Magoti yako yanaendeleaje? Natumaini umeacha kupanda ngazi kwenda kuanika nguo juu ya paa, ingawa nakufahamu, hujaacha. Shemeji naye hajambo? Mwambie redio yake bado ninayo, nimeifungua na kuifunga tena, na bado haisemi. Mimi mwili wangu ni mzima.

Sasa nije kwa mjukuu wetu. Ulipoambiwa kwamba amepewa jina la mama, uliuliza kama amechukua na sura. Amechukua. Tunamwita Bibi Mdogo, kwa sababu akicheleweshwa kunyonya hukunja paji la uso vilevile alivyokuwa akikunja mama, mpaka unajikuta umesimama wima, tayari kueleza ulikuwa wapi tangu asubuhi.

Alipokuwa na umri wa mwezi na kitu, ngozi yake ilianza kukauka. Miguu na mikono ilipauka kana kwamba amepakwa vumbi la chaki, na kichwani yakatokea magamba ya manjano, yameshikana juu ya utosi kama ukoko wa uji uliokaukia sufuriani. Mkwe wangu, mama wa mtoto, alimpeleka kliniki, akarudi ametulia, akatusimulia mezani yote aliyoambiwa. Muuguzi alimwambia kwamba jambo hilo huwapata watoto wachanga wengi, halitokani na uchafu, kwa kawaida haliwasumbui, na mara nyingi huondoka lenyewe. Mtoto aogeshwe kwa muda mfupi, kwa maji ya uvuguvugu, kisha apakwe mafuta mazito yasiyo na manukato ngozi ikiwa bado na unyevu. Kichwani yapakwe mafuta ya watoto, yaachwe kwanza yalainishe magamba, ndipo yasuguliwe polepole kwa brashi laini na kuoshwa kwa sabuni isiyo kali. Alionywa jambo moja tu: magamba yasibanduliwe, si kwa kucha wala kwa kitu kingine chochote.

Mimi nilicheka. Nilimwambia kwamba nimeshika vichwa vya watu tangu mumewe hajazaliwa, na sijapata kuona mba ikiondoka kwa kubembelezwa. Alicheka naye, akanijibu kwamba vichwa vyangu mimi ni vya kulipiwa, vinavumilia lolote, lakini hiki ni cha bure, kwa hiyo kina masharti. Ndivyo alivyo mkwe wangu. Akikukatalia, unaweza kumshukuru kabla hujatambua kwamba umekataliwa.

Basi kila jioni alimlaza mtoto mapajani, akampaka mafuta, akamwimbia huku akingoja, kisha akapitisha brashi kana kwamba anafuta vumbi juu ya yai. Magamba machache yalitoka, machache yakabaki. Nyuma ya masikio palianza kuwa safi. Nilikuwa nikitazama kwa pembe ya jicho, na niliona, dada, kwamba dawa ile inafanya kazi. Ilifanya kazi polepole tu.

Kisha likizo yake ya uzazi ikaisha, akarudi kwenye karakana yao ya kushona sare. Mwanangu huondoka na lori siku nyingi. Nikaachiwa Bibi Mdogo mchana, na kwa kuwa duka langu ni chumba cha mbele cha nyumba hiihii, nilimweka kikapuni kando ya kiti cha kunyolea. Hapo ndipo maneno yalipoanza. Unamkumbuka fundi viatu wa jirani, yule anayekuja kunyolewa ndevu hata kama hana ndevu. Aliinama juu ya kikapu, akatazama, akauliza kama katika duka hili jamaa za mwenyewe huhudumiwa mwisho. Mteja aliyekuwa kitini akasema kwamba labda kinyozi ameishiwa na spiriti. Mwingine akaomba apunguziwe bei, kwa kuwa hapa mba inauzwa jumla na rejareja. Wote walicheka, nami nikacheka. Tena nilicheka kuliko wote.

Siku iliyofuata mtoto aliamka na homa. Kichwa kilikuwa chekundu, kimevimba, kinatoa majimaji. Tulimkimbiza hospitali, mimi, mkwe wangu, na mwanangu aliyekuwa amerudi usiku ule. Daktari alikigeuza kichwa taratibu kwenye mwanga, akaeleza kwamba ngozi imechubuliwa na vijidudu vimeingia, kisha akauliza ni nani aliyeyakwangua magamba. Mwanangu alimtazama mkewe. Mkwe wangu alinitazama mimi, kwa muda mfupi sana, kisha akatazama sakafu, akasema kwamba huenda yeye alisugua kwa nguvu. Mwanangu akamgombeza palepale, mbele ya daktari na mbele ya wanawake wa watu waliokuwa foleni mlangoni. Alimwambia kwamba amefundishwa vizuri na bado hakusikia. Mimi nilikuwa nimeketi kwenye benchi, nimekumbatia mfuko wa nepi.

Usiogope, mtoto amepona. Alipewa dawa, vidonda vikakauka, na hata magamba sasa yamekwisha kabisa. Juu ya sikio la kushoto amebakiwa na sehemu tupu isiyozidi ukucha wa kidole gumba, ambayo daktari anadhani itaota nywele. Lakini hayupo hapa. Mama yake alimchukua wakaenda kwa mama mkwe wa mwanangu, na kikapu kimebaki dukani kando ya kiti. Wateja wakiniuliza, nasema wamekwenda kusalimia.

Dada, ni mimi. Siku ile ya kicheko, wateja walipoondoka, nilifunga mlango wa duka, nikachukua kitana chenye meno membamba ninachotumia kwa watu wazima, nikayakwangua magamba yakiwa makavu, mpaka yakatoka. Alilia. Nikajiambia kwamba hata watu wazima hulalamika. Kisha nikafuta kichwa kwa spiriti, kama ninavyomaliza kichwa chochote. Nilitaka mama yake akirudi akute kazi imekwisha, na fundi viatu akija akose la kusema. Aliporudi jioni alimkuta mtoto amelala na kofia kichwani, hakumwamsha.

Siku chache baada ya hospitali nilifungua droo ya nyembe. Kile kitana, ambacho nilikisukumia nyuma ya kioo bila kukiosha, kilikuwa kimeoshwa, kimefungwa katika kitambaa cheupe cha mtoto, kimelazwa mahali pake. Mkwe wangu aliendelea kunipa chai yangu, aliendelea kuniita Baba, lakini hakunikabidhi mtoto tena. Nilidhani ananifichia siri kwa huruma. Sasa naelewa kwamba alikuwa ananingoja niseme mwenyewe. Alingoja mpaka akachoka, ndipo akafunga mizigo.

Leo asubuhi nimemwambia mwanangu. Nilitarajia apaze sauti, ningefarijika. Aliweka kikombe chini, akasema kwa sauti ndogo kwamba alimgombeza mkewe mbele ya watu, nami nilikuwa pale. Kisha akachukua ufunguo akamfuata mkewe kwao. Wataamua wao wawili: kama watarudi hapa au watapanga nyumba yao, na kama nitamshika tena Bibi Mdogo au nitamwona kwa mbali kama wageni wengine.

Nina ombi, na najua halitakupendeza. Usimpigie simu mkwe wangu kunitetea. Akisikia sauti yako atakubali kwa heshima, na amekwisha kubali mengi kwa heshima. Mwache aamue bila mkubwa yeyote kumsukuma.

Msalimie sana shemeji, wasalimie watoto na majirani wa ghorofa ya chini. Angalia magoti. Wakishaamua nitakuandikia, uamuzi uwe upande wowote, na safari hii sitangoja uniulize.

Mimi mdogo wako,
Kinyozi